UCHAMBUZI: Funzo la mathenge lisisahaulike Kenya inapopanda miti bilioni 15

KENYA imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032. Tangu mpango huo uzinduliwe mnamo Desemba 2022, viongozi wa ngazi zote wameonekana hadharani wakishika majembe na miche, na mnamo Novemba 13, 2023, taifa zima lilipewa siku ya mapumziko ili wananchi washiriki shughuli hiyo.

Ni vigumu kumpata mtu wa kuipinga nia hiyo. Misitu ndiyo chemchemi ya mito inayoinywesha miji, kuzalisha umeme na kunyunyizia mashamba maji. Aidha, ukame wa misimu mitano mfululizo ulioanza mwishoni mwa 2020 ulimdhihirishia kila Mkenya jinsi maisha ya binadamu na wanyama yanavyoning'inia kwenye mvua.

Hata hivyo, wingi wa miche hauwezi kuwa kipimo pekee cha ufanisi. Kuna swali ambalo halijapewa uzito unaostahili katika hotuba za majukwaani: ni mti upi utakaopandwa wapi, na je, mahali hapo patakuwa bado panaufaa mti huo miaka 30 au 50 ijayo, joto litakapokuwa limezidi na misimu ya mvua kubadilika?

Swali hilo lilikosa kuulizwa miaka ya themanini, na hadi leo wafugaji wa Baringo wangali wanalipia kosa hilo.

Mmea wa mathenge, ambao asili yake ni bara la Amerika, uliletwa humu nchini kwa nia njema. Mnamo miaka ya 1970 ulipandwa karibu na Mombasa ili kufufua ardhi iliyokuwa imechimbwa mawe, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukafikishwa katika nyanda kame za Baringo kupitia mradi wa kuni ulioungwa mkono na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO). Kiangazi cha miaka ya sabini kilikuwa kimeiacha ardhi tupu. Mti uliostahimili ukame, ukatoa kuni, kivuli na maganda ya kulisha mifugo, ulionekana kuwa jibu la dua za wengi.

Mbuzi waliyala maganda hayo matamu na kuzisambaza mbegu kupitia kinyesi chao. Mafuriko nayo yakazibeba hadi kandokando ya mito na maziwa. Baada ya miaka michache, vichaka vya miiba vilikuwa vimeziba malisho na njia za kuelekea majini, huku sukari iliyomo kwenye maganda ikiharibu meno ya mifugo. Mnamo 2006, jamii ya Wailchamus ilifika mbele ya Mahakama Kuu kuishtaki serikali, na mbuzi kibogoyo akaletwa kuwa ushahidi. Mwaka wa 2008, mmea huo ulitangazwa rasmi kuwa gugu hatari.

Tangazo hilo halikuuzuia kusonga mbele. Utafiti uliotegemea picha za setilaiti na kuchapishwa mnamo 2019 ulionyesha kwamba eneo lililofunikwa na mathenge huko Baringo liliongezeka kutoka hekta 882 mnamo 1988 hadi hekta 18,792 mnamo 2016. Mmea huo pia umejikita Turkana, Garissa, Tana River na Taita Taveta. Ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la Afar nchini Ethiopia, ulikuwa umeteka zaidi ya hekta milioni moja kufikia 2017.

Kinachostahili kutiliwa maanani zaidi ni matokeo ya utafiti mwingine, uliochapishwa mnamo 2009. Watafiti waliyachukua maeneo ambako mathenge ulikuwa umeota, wakayalinganisha na hali ya hewa na ardhi ya nchi nzima kwa kutumia kompyuta, wakabaini kwamba karibu nusu ya ardhi ya Kenya ina uwezekano wa asilimia 30 au zaidi wa kuvamiwa. Lau hesabu ya aina hiyo ingefanywa kabla ya mche wa kwanza kutiwa ardhini, huenda Wailchamus hawangelazimika kumpeleka mbuzi mahakamani.

Mgala muue na haki yake mpe. Wataalamu wa wakati ule hawakuwa na zana za kufanya hesabu hiyo. Wa leo wanazo, na hapo ndipo penye kiini cha mjadala huu.

Sayansi ya kubashiri mahali viumbe watakapoishi imejengwa juu ya wazo ambalo mkulima au mfugaji yeyote analifahamu: kila kiumbe kina mazingira yake. Mwembe hausitawi kwenye baridi ya Kinangop, wala majanichai hayachumwi Lamu. Mwanazuoni wa Marekani Joseph Grinnell aliliandika wazo hilo mnamo 1917 alipochunguza ndege mmoja wa vichaka vya California, na mwenzake G. Evelyn Hutchinson akalipa sura ya kihisabati mnamo 1957. Nchini Australia, katika miaka ya themanini, wazo hilo liligeuzwa kuwa programu ya kompyuta. Mnamo 2006, watafiti watatu walichapisha mbinu iitwayo MaxEnt, ambayo imetumiwa tangu wakati huo kwa maelfu ya spishi kote duniani.

Utendakazi wake si mgumu kueleweka. Kwanza, watafiti hukusanya kumbukumbu za mahali kiumbe fulani kimewahi kuonekana. Kumbukumbu hizo hutoka katika makavazi, katika ripoti za nyanjani na siku hizi hata katika simu za raia wanaopenda kutazama ndege. Pili, ardhi hugawanywa katika miraba, mara nyingi yenye upana wa takriban kilomita moja, na kila mraba hupewa takwimu zake za joto, mvua, mwinuko na aina ya udongo. Tatu, kompyuta hutafuta uhusiano kati ya mambo hayo mawili: kiumbe hiki hupatikana penye joto la kiasi gani, mvua ya kiasi gani na udongo wa aina gani?

Uhusiano huo ukishajulikana, kompyuta hupaka rangi kila mraba kulingana na ufaafu wake. Kisha takwimu za hali ya hewa ya leo huondolewa, na mahali pake hutiwa zile zinazobashiriwa kwa mwaka wa 2050 au 2080. Ramani ya pili ikilinganishwa na ya kwanza, huonekana bayana ni wapi kiumbe kitapoteza makao, wapi kitayahifadhi na wapi patafunguka makao mapya.

Je, ubashiri wa namna hii unaaminika? Mfano wa mbu aitwaye Anopheles stephensi unatoa jibu la kutia hofu na matumaini kwa pamoja.

Mbu huyo anayeeneza malaria asili yake ni bara Asia na eneo la Ghuba. Tofauti na mbu wa Kiafrika wanaozaliana hasa kwenye madimbwi ya mashambani, yeye huzaliana pia kwenye matangi na mapipa ya maji mijini. Aligunduliwa Djibouti mnamo 2012, mwaka ambao nchi hiyo iliripoti visa 27 pekee vya malaria. Kufikia 2020, visa vilikuwa vimepita 73,000. Ethiopia na Sudan zilimpata mnamo 2016, na Somalia mnamo 2019.

Mnamo 2020, watafiti walichapisha ramani ya ubashiri iliyoonya kwamba mbu huyo anaweza kuenea katika miji mingi ya Afrika na kuwatia hatarini watu milioni 126 zaidi. Haikuchukua muda. Mnamo Desemba 2022, maafisa wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu (KEMRI) walimnasa katika Kaunti ya Marsabit, na habari hizo zikatangazwa mwanzoni mwa 2023.

Mfano wa nzige wa jangwani nao haujasahaulika. Makundi yalipovamia Kenya kupitia kaskazini mashariki mwishoni mwa Desemba 2019, uvamizi ulikuwa mbaya zaidi kushuhudiwa nchini kwa miaka 70. Watafiti wa kituo cha kimataifa cha wadudu, ICIPE, chenye makao yake Nairobi, walitumia kumbukumbu za mahali nzige walipowahi kuzaliana Morocco, Mauritania na Saudi Arabia ili kubashiri mahali ambapo wangetaga mayai Afrika Mashariki. Nzige hutaga kwenye udongo wa mchanga wenye unyevu. Ramani iliyochapishwa mnamo 2020 ilionyesha kwamba maeneo makubwa ya kaskazini mwa Kenya yalitimiza masharti hayo. Ikiwa mnyunyizaji wa dawa anajua mayai yatakuwa wapi, si lazima asubiri wadudu wapate mabawa.

Mifano hiyo inahusu wadudu wanaosafiri kwa kasi. Mtihani mgumu zaidi unahusu mimea ambayo haiwezi kuhama yenyewe, na miongoni mwayo hakuna unaogusa mifuko ya Wakenya wengi kama mchai.

Majanichai yalipandwa nchini kwa mara ya kwanza Limuru mnamo 1903. Leo hii, zaidi ya wakulima wadogo 600,000 huwasilisha mazao yao kwenye viwanda vinavyosimamiwa na Shirika la Ustawi wa Majanichai (KTDA). Mchai uliotunzwa vyema huchumwa kwa zaidi ya miaka 50. Kwa maneno mengine, mkulima anayepanda miche leo anaipanda katika hali ya hewa ya leo, lakini sehemu kubwa ya mavuno yake itapatikana katika hali ya hewa ambayo bado haijafika.

Mnamo 2011, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha CIAT, chenye makao yake nchini Colombia, kilitoa ramani za ubashiri kuhusu maeneo ya chai nchini Kenya. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, mwinuko unaolifaa zao hilo zaidi wakati huo ulikuwa kati ya mita 1,500 na 2,100 juu ya usawa wa bahari. Kufikia 2050, ukanda huo utakuwa umepanda hadi kati ya mita 2,000 na 2,300. Maeneo ya magharibi kama vile Nandi na Kericho yalibashiriwa kupoteza sehemu ya ufaafu wake, ilhali baadhi ya maeneo yanayouzunguka Mlima Kenya yangeongezewa.

Takwimu hizo zikisomwa kwa makini, zinafichua jambo zito. Ukanda wa mita 600 unakuwa ukanda wa mita 300. Fauka ya hayo, mlima una umbo la pia iliyopinduliwa: kadiri mtu anavyoupanda ndivyo ardhi inavyopungua. Na ardhi hiyo ya juu haiko wazi ikisubiri wageni. Ina wakulima wa viazi na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na juu yao kuna misitu ya serikali.

Msitu wa Mau, wenye takriban hekta 400,000, ndio mfano wa kwanza. Jopokazi lililoundwa na serikali liliripoti mnamo 2009 kwamba karibu robo ya msitu huo ilikuwa imepotea katika kipindi cha takriban miongo miwili. Mito inayochipuka humo, ukiwemo Mara unaozinywesha mbuga za Maasai Mara na Serengeti, hutegemea kilichosalia. Unyevu wa msitu huo huo ndio unaoifanya Kericho kuwa Kericho. Iwapo chai itaufuata ubaridi hadi ndani ya msitu, itakuwa imekata tawi inalolikalia.

Kinaya hapa ni kwamba mnamo 1986 serikali ilianzisha ukanda wa chai wa Nyayo kandokando ya misitu. Nia ilikuwa kuutumia mchai kama ua wa kuzuia watu kuingia msituni. Ua huo ukitazamwa kwa jicho la ramani ya 2050, unaweza kugeuka kuwa mlango.

Si kwamba mkulima wa mwinuko wa chini hana la kufanya. Watafiti wa chai nchini waliidhinisha mnamo 2011 aina ya chai ya zambarau, TRFK 306, ambayo inasifiwa kwa kustahimili ukame na baridi kali. Miti ya kivuli, matandazo na uhifadhi wa maji huweza kurefusha maisha ya shamba. Mambo hayo hayamo kwenye ramani ya 2011, kwa sababu modeli haimwoni mkulima. Inaiona mvua na joto pekee.

Kahawa, ambayo hukuzwa chini kidogo ya majanichai, ina hadithi inayofanana. CIAT ilibashiri kwamba mwinuko bora wa kahawa nchini utapanda kutoka mita 1,400 hadi 1,600 na kufikia mita 1,600 hadi 1,800 ifikapo 2050. Nayo kahawa ya Arabika inayoota mwituni, hasa katika nyanda za juu za Ethiopia, ilichunguzwa na bustani ya mimea ya Kew ya Uingereza mnamo 2012. Modeli zilionyesha kwamba kufikia 2080 maeneo yanayoifaa yangepungua kwa asilimia 65 katika hali nafuu zaidi, na kwa karibu asilimia 100 katika hali mbaya zaidi. Kahawa hiyo ya mwituni ndiyo ghala la mbegu ambamo wataalamu hutafuta sifa za kuiokoa kahawa ya mashambani.

Kwa upande wa wanyamapori, kikwazo ni mipaka. Mbuga ya Nairobi ilitengwa mnamo 1946 na ile ya Tsavo mnamo 1948, kwa kuzingatia mahali wanyama walipokuwa wakati huo. Mvua na malisho huhama, ila mipaka ya mbuga haihami. Zamani pundamilia na nyumbu waliifuata mvua bila kuuliza ardhi ni ya nani. Leo wanakutana na ua wa nyaya, barabara, reli na mashamba yaliyogawanywa kwa hatimiliki. Mbuga ya Nairobi imezingirwa kwa ua pande tatu, na upande wa kusini pekee ndio uliosalia wazi kuelekea nyanda za Athi na Kapiti.

Uchunguzi wa takwimu zilizokusanywa na serikali kwa ndege tangu 1977 ulibaini kwamba idadi ya wanyamapori katika nyanda za malisho nchini ilipungua kwa wastani wa asilimia 68 kufikia 2016. Katika kipindi hicho, idadi ya kondoo na mbuzi iliongezeka kwa asilimia 76. Ukame ulipokolea kati ya Februari na Oktoba 2022, serikali iliripoti vifo vya ndovu 205, nyumbu 512 na pundamilia 430, wakiwemo 49 wa spishi adimu ya Grevy. Ramani inaweza kuonyesha kwamba kuna malisho kilomita 40 kutoka hapo. Haiwezi kumfungulia mnyama lango.

Jambo hilo ndilo linalowafanya wataalamu makini wasizichukulie ramani hizi kama msahafu. Zina kasoro ambazo mwananchi na kiongozi wanapaswa kuzifahamu.

Kasoro ya kwanza ni ya kumbukumbu zenyewe. Viumbe huandikwa mahali watafiti wanapofika, yaani kandokando ya barabara, karibu na miji, mbugani na kwenye vituo vya utafiti. Eneo lisiloandikwa huonekana kana kwamba halina kitu. Nyanda za kaskazini mwa Kenya zimeumia kwa upungufu huu kuliko nyanda za kati. Vilevile, vituo vya kupima hali ya hewa ni vichache barani Afrika, hivyo basi takwimu za mvua katika miraba mingi hukadiriwa kutoka vituo vilivyo mbali.

Kasoro ya pili ni ya mvua. Modeli za tabianchi zinakubaliana kwamba joto litaongezeka, lakini kuhusu mvua ya Afrika Mashariki zinakinzana na yaliyoshuhudiwa. Nyingi zilibashiri kwamba eneo hili litapata mvua zaidi, ilhali masika ya miongo ya karibuni yamekuwa yakipungua. Baada ya misimu mitano ya ukame, nchi ilikumbwa na mafuriko mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024. Mmea unaweza kustahimili wastani wa mvua unaoonyeshwa kwenye ramani, kisha ukafa kwa mwaka mmoja wa kupindukia.

Kasoro ya tatu ni ya tafsiri. Mnamo 2004, utafiti mashuhuri uliohusisha spishi 1,103 ulikadiria kwamba kati ya asilimia 15 na 37 ya spishi hizo zingekuwa zimeingia katika njia ya kuangamia kufikia 2050. Vyombo vingi vya habari duniani vilitangaza kwamba spishi milioni moja zitatoweka. Kiumbe kupoteza makao yafaayo na kiumbe kufa ni mambo mawili tofauti, kwani spishi nyingine huhama, nyingine hubadilika na nyingine husaidiwa na binadamu.

Kuna hatari ya nne ambayo haimo ndani ya kompyuta. Ramani inayosema kwamba ardhi ya mita 2,200 itakuwa dhahabu ya mwaka wa 2050 inaweza kumfikia tajiri kabla ya kumfikia mkulima. Inaweza pia kugeuzwa kisingizio cha kuwafurusha watu. Jamii ya Ogiek imeishi katika Msitu wa Mau tangu jadi, na mnamo Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba serikali ya Kenya ilikiuka haki zake. Mraba wa kilomita moja uliopakwa rangi ya kijani hauonyeshi mizinga ya nyuki ya Waogiek wala makaburi ya wazee wao.

Hata hivyo, kasoro hizo si sababu ya kuzitupa ramani. Tabibu hakatai kipimajoto kwa kuwa hakimwambii kila kitu kuhusu mgonjwa. Kinachohitajika ni kujua chombo kinasema nini na hakisemi nini, kisha kuamua kwa tahadhari.

Katika mpango wa miti bilioni 15, hatua kadhaa tayari zimepigwa. Serikali ilizindua programu ya simu iitwayo JazaMiti, ambayo hunakili miti iliyopandwa na kumwelekeza mpandaji kuhusu miti inayolifaa eneo lake. Awali ya hapo, watafiti wa Kenya na wa kigeni walikuwa wameandaa ramani ya uoto asilia wa Afrika Mashariki ili kusaidia kuchagua miti ya kienyeji. Hizo ni hatua za kupongezwa.

Lakini ushauri wa mti unaolifaa eneo kwa hali ya hewa ya sasa hautoshi. Mti wa mbao au wa kuhifadhi chemchemi huishi zaidi ya nusu karne. Ushauri unaofaa kutolewa kwa mpandaji wa Makueni au Laikipia ni ule unaozingatia ramani zote mbili, ya leo na ya 2050, na kuchagua aina ambayo imo katika rangi ya kijani kwa zote mbili. Mti wa kigeni unaosifiwa kwa kukua haraka na kustahimili ukame unapaswa kuulizwa swali la ziada: ukishaota, ni nini kitauzuia? Sifa hizo hizo ndizo zilizoupamba mathenge.

Ripoti ya kimataifa ya jopo la IPBES, iliyotolewa mnamo Septemba 2023, ilieleza kwamba zaidi ya spishi 37,000 zimehamishiwa na binadamu mahali pasipo pa asili yao, na kwamba zaidi ya 3,500 kati ya hizo zina madhara. Hasara ilikadiriwa kuwa zaidi ya dola bilioni 423 kwa mwaka wa 2019. Ripoti hiyo ilisisitiza kuwa kuzuia ni nafuu kuliko kung'oa. Wailchamus wangeweza kuyasema hayo bila ripoti.

Kaunti nazo zina wajibu. Mipango yao ya maendeleo ya miaka mitano huandikwa huku ikiorodhesha barabara, zahanati na masoko. Ni nadra kupatikana ukurasa unaoonyesha zao kuu la kaunti litakuwa wapi baada ya miaka 25, au ni vijia vipi vya wanyama visivyopaswa kugawanywa kuwa ploti. Kaunti ya Kericho au Nandi ikianza leo kuwashirikisha wakulima wa mwinuko wa chini kuhusu mazao mbadala na aina mpya za chai, itakuwa na muda wa kutosha wa kufanya mabadiliko polepole. Ikisubiri hadi viwanda vikose majani, itayafanya kwa pupa na kwa machozi.

Isitoshe, ramani bora hutegemea kumbukumbu bora. Hifadhi ya mimea iliyoko Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi ina vielelezo takriban milioni moja, vingine vilivyokusanywa zaidi ya karne moja iliyopita. Mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, unaowategemea raia wanaojitolea tangu 2013, unawezesha kulinganisha mahali ndege walipo sasa na walipokuwa katika atlasi ya 1989. Kazi hizi hazivutii kamera kama upandaji wa miche, lakini bila hizo kompyuta haina cha kuhesabu. Maafisa wa kilimo wa nyanjani, ambao idadi yao haitoshi, ndio wanaoweza kuitoa ramani maabarani na kuifikisha barazani kwa lugha inayoeleweka.

Wafugaji na wakulima wenyewe pia ni hazina. Mzee wa Baringo anajua mathenge ulifika ziwani mwaka gani. Mchumaji wa Kericho anajua ni lini baridi ya alfajiri ilianza kupungua. Maarifa hayo yakiandikwa na kuwekwa pamoja na takwimu za setilaiti, ubashiri huimarika na wenyeji huuamini, kwa kuwa wamo ndani yake.

Mbuzi kibogoyo wa 2006 alifika mahakamani wakati ambapo mathenge ulikuwa umeshaota mizizi. Miti bilioni 15 bado haijapandwa yote. Nafasi ya kuuliza ni mti upi na ni wapi ingalipo, na wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.